Mbaazi za wiki nzima, nazi ya siku ile ile

Kina mama wa Lamu wenye watoto wa shule, mbaazi za asubuhi hazina haja ya kuwatoa roho kila alfajiri. Loweka kilo moja Jumamosi usiku, Jumapili uzichemshe kwa maji matupu mpaka ziive. Zikipoa zigawe kwenye vikopo, kila kimoja mlo mmoja, utie friza. Nazi usiitie kabisa siku hiyo! Chakula cha tui kwa joto letu hakikawii kuchacha.

Usiku teremsha kikopo kimoja kiyeyuke frijini. Baada ya sala ya alfajiri ikune nazi, kamua tui zito uliweke kando, halafu zichemshe mbaazi kwa tui jepesi, bizari na pilipili mbichi. Tui zito litie mwisho, moto mdogo, na usiache kukoroga lisije likakatika. Mahamri nayo kanda usiku, ila punguza hamira na unga ulale frijini. Ukilala nje utaamka umeumuka kupita kiasi, una harufu kali.

Asiye na friji achemshe za siku moja tu jioni, azipashe mpaka zitokote kabla ya kutia nazi. Si haba, saa nzima ya jikoni imeokoka.

Mchana ndio mtihani: mtoto anatoka shule, anakula mbio, anakwenda chuoni, yaani madrasa. Kanzu na juzuu viwekwe pamoja tangu usiku, na yeye mwenyewe ndiye aviweke.