Misuko ya sweta haina uchawi
Kama ushazoea pleni na pali, yaani zile stichi (vitanzi vya uzi) mbili za msingi za kufuma kwa sindano, na sasa unaitamani ile misuko kama ya nywele kwenye sweta, usiogope, ni stichi zinabadilishana nafasi tu. Chukua msuko wa stichi 6, ukifika pale 3 za kwanza zihamishie kwenye kijiti kikae mbele ya kazi, yaani upande wako, fuma 3 zinazofuata, halafu ndo urudi ufume zile za kwenye kijiti, basi. Kijiti kikikaa mbele msuko unalalia kushoto, kikikaa nyuma unalalia kulia. Mimi natumia kipande cha spoki ya baiskeli nilichokipiga msasa, penseli nayo inasaidia ila inatanua stichi. Rudia kila mstari wa 8, na pembeni weka pali 2 kila upande, hapo ndo msuko unainuka, bila hizo hauonekani vizuri.

Sweta yangu ya kwanza ya hivi ilinibana kifua kweli, kumbe misuko inavuta kitambaa ndani na mi nilianza na stichi zilezile za sweta ya kawaida, kwaiyo fuma kwanza kipande kidogo upime na rula. Na uzi mweusi achana nao kwanza, utahesabu stichi mpaka macho yaume.