Sindano ya cherehani: ipi kwa kitambaa kipi, na namna ya kuibadilisha

Cherehani ikianza kuruka mishono, wengi hukimbilia kuchokonoa tensheni, yaani mkazo wa uzi. Anza na sindano. Ndiyo ya bei rahisi kuliko vyote kwenye mashine na ndiyo inayochakaa mapema: ukishashona saa nane hivi, ncha huanza kuwa butu hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Kwenye pakiti utaona namba mbili, mfano 90/14. Zote zinataja unene uleule. 90 maana yake milimita 0.9. Shifoni na hariri zishone kwa 65/9 au 70/10. Kanga na poplini, 80/12. Kitenge kizito na kaki ya sare, 90/14. Kitambaa cha jinzi kinataka 100/16, na ukifika kwenye pindo lenye tabaka nne, panda hadi 110/18 uzungushe gurudumu kwa mkono.

Fulana na jezi ni habari nyingine, kwa sababu hapo tatizo haliko kwenye unene bali kwenye ncha. Kitambaa hicho kimefumwa kwa vitanzi. Ncha kali hukata kitanzi, na tundu hujitokeza nguo ikishafuliwa. Nunua sindano ya ncha ya mviringo, 75/11 au 80/12, ambayo husukuma nyuzi pembeni.

Uzi nao upime. Tunga sindano kwenye uzi wa sentimita 30 hivi, uvute ukaze, kisha uinamishe. Sindano iteleze yenyewe hadi chini. Ikikwama, tundu ni dogo kwa uzi huo na utakatika kila mara.

Kubadilisha: zima mashine, au toa miguu kwenye pedali. Zungusha gurudumu sindano ipande juu kabisa, weka karatasi juu ya tundu la bamba la chuma chini ya sindano ili sindano isidondokee ndani, kisha legeza skrubu kidogo tu bila kuitoa. Kabla ya kufunga sindano mpya, ilaze kwenye kioo kwa upande wake bapa: nafasi kati yake na kioo isipokuwa sawa mwanzo hadi mwisho, imepinda.

Mfereji mrefu unaoshuka kwenye mwili wa sindano utazame upande uzi unakoingilia, ubapa upande wa pili. Sindano ya mashine ya kiwandani ina shina la duara lisilo na ubapa, kwa hiyo mfereji ndio mwongozo wako pekee. Sukuma juu mpaka igote, ndipo ukaze. Ikibaki chini hata milimita moja, ndoano ya bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) haitaudaka uzi kwa wakati, na hapo ndipo mishono inaporuka. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima. Ukisikia inagonga chuma, usikanyage pedali.

Iliyovunjika, kusanya vipande vyote hadi sindano itimie. Kilichobaki kwenye bobini kitaivunja na inayofuata.