Kuchagua na Kutunza Vichwa vya Treni vya Kuchezea vya Zamani Ukiwa Mwanza

Anza na vichwa vya mvuke vya bei ya chini. Lionel 1110 na 1120, Marx 999 na 490: vyote vilitengenezwa na kampuni hizo za Marekani kwa ajili ya seti za watoto, vikauzwa vingi, ndiyo maana hadi leo vinapatikana. Hutembea kwenye reli tatu zenye upana wa milimita 32 hivi. Namba utaisoma ubavuni, chini ya dirisha la dereva.

Unaponunua kwa mbali, omba picha ya tumboni kabla ya kulipa. Bodi inayong'aa haikuambii kitu. Mota ndiyo mali. Angalia vipande vya chuma vinavyochukua umeme kwenye reli ya kati, meno ya gia, na waya kama insulesheni imepasuka. Mota za Lionel 1110 na 1120 zina kasoro moja kubwa: kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimefungiwa ndani ya plastiki, hazifunguki kirahisi. Mota ikiwa imekufa, mwachie muuzaji. Marx ina mota ambayo fundi redio yeyote mwenye subira ataimudu, ila gia yake iliyochomoza hugonga swichi za reli za Lionel, yaani pale njia inapogawanyika. Jambo hili huwashtua wengi, kwa hiyo reli zako zikiwa za Lionel, jiepushe na swichi hizo.

Sasa umeme. Transfoma ya Marekani inayoendesha treni hizi ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 itaungua papo hapo. Nunua kipunguza volti cha wati 200 au zaidi. Hata hivyo, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na transfoma ilibuniwa kwa 60, itapata joto zaidi. Ipumzishe mara kwa mara. Na usichanganye: treni za Uingereza za Hornby na Tri-ang, zenye reli mbili, hutumia DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya volti 12. Ukizipa AC, umeme unaobadilika mwelekeo kama ule wa transfoma ya Lionel na Marx, mota inaungua.

Kusafisha: fungua skrubu za bodi, kisha futa duara la shaba linaloguswa na kaboni kwa pamba yenye spiriti kidogo. Mianya yake ikwangue kwa kijiti cha meno, maana vumbi la kaboni likijaa humo, mota hukwama au hutoa cheche nyingi. Spiriti isiguse namba nyeupe, zitafutika. Weka tone moja la oili ya cherehani kila ncha ya ekseli, grisi kiasi kwenye gia. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi.

Unyevu wa ziwa ndio unaoua taratibu. Magurudumu na ekseli hushika kutu, na vyuma vya zinki vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, vilivyochanganyika na risasi kiwandani, huvimba na kupasuka. Ugonjwa huo wa zinki hauna dawa, kwa hiyo ukiona nyufa kama za udongo mkavu, usinunue. Hifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Boksi la karatasi liweke kando, kwani hunyonya maji. Kila mwezi washa kichwa dakika tano, kwenda mbele na kurudi nyuma.