Kusoma The Moonstone mpaka ukurasa wa mwisho

Riwaya hii ya upelelezi ya Mwingereza Wilkie Collins ina maneno yapatayo laki mbili, yaani kurasa kama 500 katika matoleo mengi. Almasi iitwayo Moonstone, ambayo hadithi nzima inaihusu, haipotei mpaka sura ya 11, na ni kabla ya hapo msomaji hushawishika kukiweka kitabu rafuni. Kuvuka sura hizo kumi ni kazi ya kwanza. Ya pili, tena kubwa kuliko hiyo, ni kujua kila mara nani anakuambia nini, na yeye amekijuaje.

Anza kwa kupata andiko kamili. Haki za kitabu zimekwisha zamani, na faili la Kiingereza liko bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Chukua EPUB (faili la kitabu cha kusomea kwenye simu) isiyo na picha: haifiki mega 2, na simu ndogo inaibeba. Ipakue umeme ukiwapo, kisha usome bila intaneti. Aliyesomea kwa Kifaransa, kama wengi wetu hapa Lubumbashi, atafute La Pierre de lune, ila akague kwanza kama tafsiri haikupunguzwa. Fungua yaliyomo na uhesabu: utangulizi wa 1799 kule Seringapatam, India, Kipindi cha Kwanza, sura 23, zote za Gabriel Betteredge, Kipindi cha Pili, masimulizi manane, tamati yenye maelezo matatu. Pakipungua hata kimoja, liache toleo hilo. Katika hadithi ya upelelezi, anayepunguza maneno hukata yale yanayoonekana madogo, na humo ndimo ushahidi ulimofichwa.

Anayependa karatasi achapishe kurasa nne kwa karatasi moja ya A4, mbili kila upande. Kitabu kizima kitakula karatasi 125 hivi. Usilipie zote kwa siku moja. Kipindi cha Kwanza pekee, karatasi kama 50, kinatosha kuanzia. Wakati wa mvua zitunze ndani ya mfuko wa plastiki.

Kuhusu mwendo, mwandishi mwenyewe ameshatupimia. Hadithi ilitoka vipande 32, kimoja kila wiki, kuanzia Januari hadi Agosti 1868, katika jarida la Charles Dickens liitwalo All the Year Round. Kila kipande ni maneno elfu sita na kitu, yaani dakika 40 hivi kwa anayesoma lugha isiyo ya nyumbani kwao. Kipande kimoja kwa siku, na kwa mwezi mmoja na siku mbili tatu umemaliza. Kinachowaangusha watu ni kusoma kurasa 100 Jumapili moja, kisha wiki mbili kimya. Ukirudi, majina yote yamechanganyika.

Sasa huyo Betteredge. Ni kapita wa nyumba ya Lady Verinder, mzee wa miaka zaidi ya 70, na anasimulia kama wazee wetu: anaanza, anakumbuka jingine, anaomba radhi, anaanza upya. Usimruke. Katikati ya mazungumzo yake anadondosha tarehe na saa ambazo zitatafutwa kurasa 300 mbele. Siku ya kushika ni 21 Juni 1848, sikukuu ya kuzaliwa ya Rachel Verinder, binti ya Lady Verinder, siku anayopewa almasi. Usiku huohuo inatoweka.

Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne: msimulizi, siku na saa, aliloliona mwenyewe, alilolisikia kwa mwingine. Safu mbili za mwisho ndizo roho ya kazi hii. Masharti ya hadithi ni kwamba kila msimulizi aandike yale tu aliyoyajua yeye, kwa kadiri alivyoyajua. Kwa hiyo mtu mwaminifu kabisa anaweza kukupoteza, kwa sababu hakuwepo.

Jaribu daftari lako kwenye mlango wa sebule ya Rachel, humo almasi ilimokuwa, katika sura ya 12. Rangi yake mpya imechubuliwa kidogo karibu na kitasa. Mkuu wa polisi Seegrave anasema ni sketi za wajakazi waliosongamana hapo saa tano asubuhi. Sajenti Cuff, mpelelezi, anauliza rangi hiyo hukauka kwa muda gani. Jibu: muda wa saa 12. Ilimalizwa kupakwa saa tisa alasiri, kwa hiyo saa tisa usiku ilikuwa kavu. Wajakazi walipofika, ilikuwa imekauka kwa muda wa saa nane tayari. Tena Penelope, binti ya Betteredge, aliutazama mlango saa sita usiku, ukawa mzima. Basi aliyeugusa alipita kati ya saa sita na saa tisa usiku. Andika hesabu hiyo kwa wino na uizungushie duara. (Tumehesabu saa kwa Kiswahili, kwenye andiko utakuta tatu pale tunaposema tisa, kosa rahisi sana la kuharibu daftari.)

Miss Clack, anayefungua Kipindi cha Pili, ataudhi wengi kwa vijitabu vyake vya dini. Soma mahubiri yake haraka, lakini punguza mwendo kila anapojificha nyuma ya pazia: masikio yake ni mazuri kuliko hukumu zake.

Mkisoma kikundi, mpeni kila msimulizi sauti yake. Betteredge asomwe na papa au mama mzee wa hapo nyumbani, vijana wamfasirie Kiswahili aya kwa aya. Anaposema "my lady", msitafute cheo kigumu. "Madamu" inatosha, na heshima yake inabaki. Asiwepo wa kutafuta jina la mhusika yeyote kwenye simu, maana mstari wa kwanza wa jibu unaweza kumtaja mwizi.

Shajara ya Ezra Jennings, msaidizi wa daktari, karibu na mwisho, isikatwe katikati ya jaribio analolieleza. Tenga jioni nzima, betri imejaa. Maelezo matatu ya tamati nayo yasomwe kwa kikao kimoja, kwa sababu safari ya almasi inasimuliwa na watu watatu, na la mwisho, la mwaka 1850, ndilo linalokurudisha kwenye ukurasa ule wa Seringapatam. Acha alama pale mwanzoni ili uufungue tena palepale.