Jezi ya baiskeli usiiuze bei ya fulana

Jezi yangu ya kwanza ya maana niliiuza elfu nne. Ilikuwa chini kabisa ya belo la mitumba ya michezo mchanganyiko, nyeusi, imekunjamana kama tambara la jikoni, na mkono wa kushoto ina mstari mweupe. Belo lilikuwa la laki saba, vipande mia mbili na ishirini, kwa hiyo kila kimoja kilinigharimu elfu tatu na kitu. Kijana mmoja winga, wale wanaonunua kwetu wakauze kwingine, akaichomoa, akaipindua ndani nje, akanipa hela bila kuomba nimpunguzie. Mtu asiyeomba punguzo pale soko la mitumba la Memorial, Moshi, ni wa kumtilia shaka, lakini mimi nilifunga pesa kwenye pindo la kanga nikamshukuru. Jioni nikasikia ameiuza elfu sitini kwa daktari anayeendesha kila Jumamosi kwenda Marangu.

Tangu siku hiyo nguo za baiskeli nazitenga kabla sijanywa chai. Dada yangu unayechagua belo, fanya hivi.

Anza na majina, maana bei inaanzia hapo. Ile niliyoipoteza ilikuwa Rapha. Hawa ni wa London, kampuni ilianzishwa 2004 na Simon Mottram, na jina wamelitoa kwenye timu ya zamani ya baiskeli iliyodhaminiwa na kinywaji cha Kifaransa, Saint-Raphaël. Mwaka 2017 wajukuu wa mwanzilishi wa Walmart waliinunua. Ukiona nge mdogo mwekundu, hiyo ni Castelli ya Italia. Assos ni ya Uswisi, tangu 1976. Pas Normal Studios ya Copenhagen na MAAP ya Melbourne ni za juzi juzi, jina limeandikwa dogo sana, na ndizo wauzaji wengi wanazitupa kwenye fungu la elfu mbili kwa sababu hazina mbwembwe. Jezi mpya ya majina haya huko kwao mara nyingi ni zaidi ya pauni mia, yaani laki tatu na nusu kwenda juu.

Kwa nini ghali hivyo? Kitambaa ni kizuri, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya ile bei ni kwamba mwenzako hana. Rapha wana klabu yao, Rapha Cycling Club, na kuna nguo walizotoa kwa wanachama tu. Zinaandikwa RCC. Nyingine zinatoka chache, zikiisha zimeisha. Wewe hapo Memorial umekaa na kipande ambacho mtu wa London mwenye hela yake mkononi hawezi kukipata dukani leo. Usikitajie bei mpaka ukijue.

Sasa ipindue ndani nje, kama alivyofanya yule winga. Rapha nyingi zina kitambaa kidogo kimeshonewa ndani ya mfuko wa mgongoni, kimeandikwa kisa kizima cha mashindano ya zamani. Nilikuwa nadhani ni maelekezo ya kufua. Pitisha kidole kwenye mshono: wa bei ghali umelala bapa, huusikii, ukikutana na tuta nene la ovaloki ya kawaida, punguza matumaini. Kisha vuta kitambaa mbele ya jua. Kikitoa mlio wa kukwaruza, au vinyweleo vyeupe vikijitokeza, mpira wake umekufa, na hapo jina halisaidii. Nenda kaiweke kwenye fungu.

Kufua: maji baridi, sabuni kidogo, usitie kile cha kulainisha nguo, na pasi iache kabisa. Hili nimelilipia. Niliwahi kunyoosha jezi moja ya rangi ya krimu kwa pasi ya mkaa ili ipendeze. Ule ukanda wa ndani kwenye pindo, wenye vidoti vya mpira vinavyoshika kiunoni isipande, ukayeyuka na kugandana na kitambaa cha mbele. Nilivyobandua kikaacha tundu la saizi ya sarafu. Laki nzima hiyo. Sasa hivi ni kitambaa cha kufutia mezani kwangu.

Bei ninavyoipanga ni hivi. Natafuta kwenye simu inauzwaje mpya, naanzia moja ya tano. Mpya ikiwa laki tano, natamka laki moja, nashuka mpaka themanini, na sabini ndio mwisho wangu. Yenye doa la mnyororo wa baiskeli au zipu iliyochoka nagawa nusu. Jezi za timu, zile zilizojaa matangazo ya wadhamini, ziogope kidogo: watu wazima wanaoendesha hawapendi kuvaa matangazo ya mtu bila kulipwa, na feki zake ni nyingi mno. Naziuza ishirini, ishirini na tano. Isipokuwa moja. Kati ya 2013 na 2016 Rapha ndio walivalisha timu ya Sky ya Uingereza, na mwendeshaji wao Chris Froome alichukua Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara tatu katika miaka hiyo. Froome amezaliwa Nairobi. Ukiipata safi, usiiuze Moshi, iache Mkenya avuke Holili aifuate mwenyewe. Yangu ilienda tisini.

Usiitundike na fulana. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimeliona: jezi ile ile, ikining'inia kati ya fulana za timu za mpira, watu wanauliza "hii buku mbili?" Mimi naiweka kwenye mfuko wa nailoni safi chini ya meza. Napiga picha ya mbele, ya lebo ya ndani na ya zipu, napima kwapa hadi kwapa kwa futi ya fundi, natuma kwenye kundi la WhatsApp la waendesha baiskeli. Vipimo andika kwa sentimita, maana hizi za Ulaya zinabana. M yao ni S yetu. Na hata kama una tano, tuma moja. Nilituma sita siku moja, wakaanza kulinganisha, kisha wakaniambia watasubiri mwisho wa mwezi.

Kuna jezi moja ilinishinda: nyeupe yenye mistari ya upinde wa mvua kifuani. Nilijua itagombaniwa, hasa baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli kufanyika Kigali Septemba 2025. Hakuna mwendesha baiskeli aliyeigusa. Wakaniambia mistari ile ni ya bingwa wa dunia, kuivaa bila kushinda ni aibu. Ilikaa miezi minne, akaja fundi ujenzi akaichukua kwa elfu tano, na imempendeza kweli.

Kaptula zenye sponji, zile za mikanda ya mabegani, siuzi zilizotumika. Zinavaliwa bila chupi, na TBS, shirika la viwango, walishakataza nguo za ndani za mitumba. Nachukua tu ile ambayo lebo ya dukani bado inaning'inia. Hiyo angalia sponji: ikiandikwa Elastic Interface ni ya Italia, kampuni moja inayowatengenezea wengi, wa bei ghali na wa bei ya kawaida. Kwa hiyo mteja akikwambia kaptula yako haina jina, mwonyeshe sponji.

Zile nzito za mikono mirefu, zenye manyoya ndani, usihangaike nazo kwenye kundi. Zipeleke kwa wapagazi wa mlimani. Wao hawajui Rapha wala Assos, wanajua baridi ya Kibo saa tisa usiku. Elfu kumi na tano, bila maneno, na mwezi wa saba sibaki nazo hata moja.