Kununua Mustang ya zamani iliyobadilishwa: soma tangazo kwa makini kabla ya kutoa dola

Majira ya joto yakiingia Marekani, utaziona: Mustang za Ford za miaka ya 1960 zimeegeshwa mbele ya nyumba na karatasi ya kuuzwa kwenye kioo, rangi inang'aa, rimu kubwa, V8, yaani injini ya silinda nane, inayounguruma hadi mtaa wa pili. Kutamani gari kama hili si dhambi. Ila ujue kwamba gari lililobadilishwa ni kazi ya mafundi usiowajua, na tangazo linakuonyesha kile kinachopendeza macho tu. Thamani yake iko mahali ambapo picha haifiki.

Tuchukue Mustang za 1965 na 1966, maana ndizo nyingi sokoni.

Anza na namba ya chasisi. Namba ya herufi na tarakimu 17 tuliyoizoea ilianza na modeli za 1981. Mustang hizi zina 11 tu, kwa hiyo zile huduma za mtandaoni zinazokuuzia historia ya gari hazitakufaa sana. Lakini hiyo namba fupi inasema mengi. Ikianza na 5F07T, basi 5 ni modeli ya 1965, F ni kiwanda cha Dearborn, 07 ni bodi ya paa gumu (08 ni ya paa la kukunja, 09 ni fastback, ile yenye mgongo wa mteremko ambayo huwa ghali), na T ni injini ya silinda sita. Hiyo herufi ya tano ndiyo ya kuikazia macho. C, A na K ni V8 ya inchi za ujazo 289. Ukiambiwa gari ni V8 tangu kiwandani na namba ina T, injini si yake. Kubadilisha injini si kosa, mradi bei iseme hivyo, na breki, springi na ekseli ya nyuma viwe vimebadilishwa pia kumudu nguvu mpya. Dalili utaiona hata boneti ikiwa imefungwa: ya silinda sita ilitoka kiwandani na nati nne kwa kila gurudumu, ya V8 na nati tano. V8 inayotembelea nati nne ni gari la kuogopa.

Nembo ya GT, toleo la kimichezo, nayo huuzwa dukani, hivyo peke yake si ushahidi. Kwa miaka hiyo miwili Ford ilitoa kifurushi cha GT kwa injini za A na K pekee. Namba yenyewe isome pale ilipogongwa kwenye bati, ndani ya boneti upande wa dereva. Kibati cha mlangoni usikitegemee, maana kinaweza kuagizwa kipya.

Halafu kutu. Hapa ndipo fedha za watu huzama, na rangi ya maelfu ya dola inaweza kuwa imepakwa juu ya puti nene. Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, uipitishe sehemu za chini za fenda, milango na ubavu wa nyuma. Pasipo na bati haitashika. Kisha omba ruhusa umwage maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, huku mwenzako akichungulia chini ya dashibodi na tochi. Maji yakidondoka kwenye kapeti, bati la ndani limeoza, na kulifikia ni kung'oa mbele ya gari na kuchomelea upya. Muuzaji akikataa jaribio hili, aga kwa heshima. Gari lipandishwe juu pia, uone sakafu na reli zake, kwa sababu Mustang haina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu.

Kuna mabadiliko ambayo mimi ningeyalipia kwa moyo mkunjufu. Hadi 1966 breki zote nne zilitegemea njia moja ya mafuta ya breki, hivyo bomba moja likipasuka huna breki kabisa. Mfumo wa njia mbili ulikuja na modeli za 1967. Tangazo likitaja pampu ya njia mbili na diski za mbele, hilo lina maana kuliko rimu za inchi 18. Ulizia pia mikanda inayopita begani, na bati la kutenganisha viti vya nyuma na buti, kwa kuwa upande wa juu wa tangi la mafuta ndio sakafu ya buti. Kama utawapakia watoto, haya usiyaache.

Kila kinachodaiwa kiwe na risiti. "Injini imejengwa upya" bila jina la gereji, tarehe na picha ni maneno matupu. Ukiwa mbali, lipia mkaguzi wa kujitegemea akalione gari. Usitume hela kwa picha. Hati ya umiliki iwe kwa jina la anayekuuzia na namba yake ilingane na ile iliyogongwa. Bima itafute ya thamani mliyokubaliana, kwani bima ya kawaida hulipa kwa kuhesabu uchakavu. California haidai kipimo cha moshi kwa modeli za 1975 kurudi nyuma. Majimbo mengine yana sheria zao.

Na kama unawaza kulipeleka nyumbani Afrika Mashariki: Kenya haipokei magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka 8 wala yenye usukani wa kushoto, Uganda tangu 2018 imezuia ya miaka 15 na kuendelea, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uzee wa gari. Piga hesabu ya kulifurahia hukohuko uliko, na gereji ya kulihifadhi wakati wa theluji uiweke kwenye bajeti, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji italila bati lote ulilolikagua.