Kabla ya kupiga hodi kwenye makumbusho madogo ya London

Mgeni akifika London hupelekwa British Museum, na hakuna ubaya. Pale milango ni mipana, siku ni zote za wiki, na hata ukipotea utaokota chochote njiani. Makumbusho madogo hayako hivyo. Mengi yalikuwa nyumba za watu, dari za makanisa au vyumba vya walimu wa chuo, na bado yana desturi za nyumbani. Ukienda bila kuuliza, utasimama kwenye baraza ya mtu aliyesafiri.

Anza na siku. Wasafiri wengi huamini kwamba Jumatatu watu wamekwenda kazini, kwa hiyo patakuwa na nafasi. Kumbe ndiyo siku ambayo makumbusho mengi madogo hayafungui. Sir John Soane's Museum, namba 13 kando ya bustani ya Lincoln's Inn Fields, hupumzika Jumatatu na Jumanne. Ng'ambo ya bustani hiyohiyo, ndani ya chuo cha madaktari wapasuaji, kuna Hunterian Museum, nayo hufunga Jumapili na Jumatatu. Anayetaka kuyaona yote mawili kwa safari moja abaki na Jumatano hadi Jumamosi. Hata hivyo fungua tovuti yao jioni ya kuamkia siku yenyewe, maana mahali padogo hufungwa kwa hafla moja au kwa fundi mmoja wa bomba.

Nyumba ya Soane nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiyo inayofundisha adabu za nyingine zote. Soane alikuwa mtoto wa mwashi aliyepanda hadi kuwa msanifu wa Benki Kuu ya Uingereza. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria ya kuilinda nyumba yake pamoja na mkusanyo wake, ibaki jinsi alivyoiacha, na alipofariki mwaka 1837 sheria hiyo ikaanza kufanya kazi. Kiingilio ni bure. Lakini wanaoruhusiwa ndani kwa wakati mmoja ni wachache, hivyo foleni hukaa nje: beba koti na mwavuli hata kama asubuhi jua limewaka. Begi la mgongoni liache hotelini. Vijia vya ndani ni vyembamba, kuta zimejaa vichwa vya mawe na vyungu vya kale, na ukigeuka kwa haraka ukiwa na mzigo mgongoni unaweza kuvunja kitu kilichodumu miaka elfu mbili.

Nenda mchana. Soane aliijenga nyumba yake kwa mwanga unaoshuka kutoka juu, kupitia vioo vyenye rangi ya manjano, na Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Ukifika saa tisa na nusu utakuta mawe, lakini mwanga ulioyapa uhai utakuwa umeondoka. Kisha waulize wahudumu watafungua saa ngapi kuta za chumba cha picha. Chumba ni kidogo, ila kuta zake zina bawaba kama milango ya kabati, na nyuma ya picha kuna picha nyingine, zikiwemo nane za mchoraji Hogarth zinazomfuata kijana mmoja anayetapanya urithi wa baba yake hadi anaishia kwenye nyumba ya wendawazimu. Asiyeuliza huweza kutoka bila kujua kuta zinafunguka. Chini kabisa limelala jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, ambalo Soane alilinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000 baada ya British Museum kukataa bei hiyo.

Jambo la pili ni mwili wako mwenyewe. Karibu na daraja la London Bridge, juu ya dari ya kanisa la zamani, kuna chumba cha upasuaji cha mwaka 1822, Old Operating Theatre. Unapanda kwa ngazi 52 za kujizungusha, nyembamba, zenye kamba ya kushikia. Mwenye goti bovu, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee aliyechoka na safari, wote waamue kabla ya kulipa. Wakifika juu watakuta meza ya mbao katikati na majukwaa ya kusimama wanafunzi pande zote, na watajua kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini ya mwanzo wanawake walikatwa pale bila dawa ya usingizi.

Na moyo nao uandaliwe. Hunterian ina viungo vya binadamu na wanyama ndani ya chupa, safu kwa safu. Kwa miaka mingi ilionyesha mifupa ya Charles Byrne, Mwairishi mrefu kupita kiasi aliyefariki mwaka 1783 akiwa ameomba azikwe baharini ili wapasuaji wasimpate. Walimpata. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2023, mifupa hiyo iliondolewa kwenye maonyesho, ingawa haijazikwa. Kama unaongozana na watoto, zungumza nao kabla ya kuingia: hawa walikuwa watu, na wengi hawakuulizwa. Nadhani mtoto aliyeambiwa hivyo mlangoni huangalia kwa heshima kuliko mtu mzima ambaye hakuambiwa kitu.

Nyumba ya namba 18 Folgate Street, Dennis Severs' House, ina sharti la peke yake: ziara yake ya kimya ni kimya kweli. Hakuna kuongea, hakuna kupiga picha, simu izimwe. Severs, Mmarekani aliyehamia hapo mwaka 1979, alipanga vyumba kana kwamba familia ya wafumaji wa hariri imetoka sasa hivi, imeacha mishumaa ikiwaka. Kata tiketi mapema. Kama mnasafiri wawili na mmoja wenu hawezi kunyamaza, tenganeni siku hiyo, mkutane baadaye kwa chai.

Kuhusu fedha sina mengi: beba kadi ya benki, na usidhani kwamba padogo maana yake ni bure.

Usipange zaidi ya matatu kwa siku, na uyachague yaliyo jirani. Mtaa wa Bloomsbury unafaa. Grant Museum ya University College ina mifupa ya kwaga, aina ya punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka mwaka 1883, na chupa moja iliyojazwa fuko, wale wanyama wachimba mashimo, hadi kwenye kizibo. Dakika chache kwa miguu iko Petrie Museum, yenye vitu zaidi ya 80,000 vya Misri na Sudan, pamoja na vazi la kitani kutoka Tarkhan, Misri, lenye umri wa miaka zaidi ya elfu tano, mikunjo ya viwiko bado inaonekana.

Foundling Museum iache iwe ya mwisho, usiwe na ahadi nyingine baada yake. Inasimulia "hospitali" ya watoto walioachwa, yaani makao ya kuwalea, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1739 kwa juhudi za Thomas Coram. Akina mama walioshindwa kulea waliacha kitu kidogo pamoja na mtoto, ili siku wakirudi waweze kumtambua: kipande cha kitambaa, sarafu iliyochongwa, hata ganda la kokwa. Vitu hivyo vimo kabatini kwa sababu wengi hawakurudi. Hospitali yenyewe ilihama mjini katika miaka ya 1920, na uwanja ilipokuwa sasa unaitwa Coram's Fields, hatua chache tu kutoka mlangoni. Usiuweke kwenye mpango wako kama unasafiri peke yako. Ni uwanja wa watoto kuchezea, na mtu mzima haruhusiwi kuingia mpaka awe ameongozana na mtoto.